Neno "discord": nimelifundisha kama kamba iliyokatika, kumbe ni moyo

#1 – Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha Kiingereza sekondari, na Jumanne na Alhamisi jioni nafundisha kwaya. Kuna jambo limenikaa kifuani wiki nzima. Nimeona pa kulitua ni hapa, maana humu wapo watu wa lugha, watu wa muziki na watu wa dini.

Kwa miaka mingi nimewaambia wanafunzi kwamba "discord" ni "dis", yaani kuachana, na "cord", yaani kamba. Watu walikuwa wamefungwa pamoja, kamba ikakatika, kila mmoja akashika njia yake. Mfano ulikuwa unawaingia vizuri sana. Kwenye kwaya ndiyo kabisa, maana gitaa lina nyuzi, na uzi ukilegea sauti hazikai.

Wiki iliyopita binti mmoja wa kidato cha tatu akanyoosha mkono: "Mwalimu, na 'record' je? Ni kamba inayorudi?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia nitakuletea. Jioni hiyo nikafungua kamusi ya asili ya maneno, nikakuta kwamba nimekuwa nikiwapotosha watoto wa watu.

Hiyo "cord" iliyomo ndani ya "discord" ni moyo. Kilatini cha Warumi moyo ni "cor", na ukiunyambua unakuwa "cordis". Ukiweka "dis" mbele unapata "discors": mtu ambaye moyo wake umejitenga na wa mwenzake. Kutoka hapo likaja "discordia", Wafaransa wa kale wakalifanya "descorde", na katika karne ya 13 likaingia Kiingereza. Kwa nini wakati huo? Kwa sababu mwaka 1066 Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walivuka bahari wakaitwaa Uingereza, na kwa muda mrefu baada ya hapo wakubwa wa nchi walizungumza Kifaransa. Angalieni maneno ya ugomvi ya Kiingereza: "strife", "quarrel", "dispute", "dissension". Yote yalipita mlango huohuo wa Kifaransa. Neno la kupigana kwa mikono, "fight", ndilo la kwao wenyewe tangu zamani. Nimelifikiria sana hilo. Ngumi walikuwa nayo, lakini majina ya mivutano ya barazani na mahakamani waliyapata kwa watawala wao.

Sasa "record". Warumi walikuwa na kitenzi "recordari", kupitisha tena moyoni, yaani kukumbuka. Kwao moyo ulikuwa ghala la kumbukumbu, kama sisi tunavyosema fulani analijua shairi lote kwa moyo. Kwa hiyo swali la yule binti lilikuwa zuri kuliko somo langu. Kamba hairudi popote, kinachorudi moyoni ni jambo.

Nikaendelea kuchimba, ukoo ukazidi kutokea. "Concord" ni mioyo iliyo pamoja. "Accord" ni moyo uliosogezwa karibu na mwingine. "Cordial" ni kitu kitokacho moyoni. "Courage" ni moyo kwa njia ya Kifaransa. Hata "heart" yenyewe ni ndugu wa "cor", wametoka kwa babu mmoja wa kale sana. Upande wa Kijerumani sauti ya K ya mwanzo iligeuka H na D ikawa T. Wagiriki wakabaki na "kardia", ndiyo maana daktari wa moyo anaitwa "cardiologist". Kiingereza kina moyo wa aina tatu ndani ya nyumba moja, na wenye nyumba wengi hawajui kuwa hao ni ndugu.

Na hapa ndipo nilipotaka kufika. Mwingereza anaposema "encourage" hasikii moyo humo ndani. Ulishafunikwa zamani. Mswahili anasema "kutia moyo", na moyo anauona waziwazi. Kuna jingine lililonishangaza zaidi. Matendo ya Mitume 1:14, Biblia ya Kiingereza ya King James inasema wanafunzi walidumu katika kuomba "with one accord". Biblia yetu ya Union inasema walidumu "kwa moyo mmoja katika kusali". Watafsiri wetu hawakuwa wakitafsiri Kilatini, lakini wakaliweka mezani lile lile ambalo Kiingereza kimelificha ndani ya "accord". Nimeimba maneno hayo tangu nikiwa mdogo bila kulijua hilo.

Sasa shida yangu. Naandaa maelezo ya kwaya kwa Kiswahili, na nahitaji neno la "discord" la kwenye muziki na la kwenye maisha. Mithali 6:19, pale King James inaposema mtu apandaye "discord" kati ya ndugu, sisi tunasoma "apandaye mbegu za fitina". Lakini siwezi kumwambia mwimbaji wa sauti ya nne kwamba ameleta fitina kwenye ubeti wa pili. Mfarakano? Hitilafu? Mzozo? Nisaidieni.

#2

Shikamoo mwalimu. Mimi kijana wa mitandao, "discord" nililijua kama ile programu ya kuongea na wenzako mnapocheza gemu, iliyotoka 2015. Sikuwahi kujiuliza jina lina maana gani. Kumbe kila nikiingia kuongea na washikaji naingia penye mioyo iliyoachana? Ngoja nifuatilie uzi.

#3

Mwalimu, nakuunga mkono kwenye fitina, na nitaeleza kwa nini haikufai.

Tumeipokea kutoka Kiarabu, "fitna". Wataalamu wa kamusi za kale za Kiarabu wanaueleza mzizi wake kwa kazi ya sonara: kuitia dhahabu motoni ili iliyo safi ijitenge na takataka. Kwa hiyo maana ya awali ni jaribio. Kurani inasema mali zenu na watoto wenu ni fitna, na hapo hakuna anayesengenya mtu, ni mtihani. Baadaye neno likabeba pia machafuko yanayoigawa jamii. Vita vilivyofuata kuuawa kwa Khalifa Uthman mwaka 656, vilivyoendelea hadi 661, wanahistoria wanaviita Fitna ya Kwanza.

Kiswahili kimelibana neno hilo likawa dogo na kali zaidi. Kwetu fitina lazima iwe na mwenyewe. Yuko mtu amepeleka maneno kwa huyu, akarudi na mengine kwa yule. Ndiyo maana tuna mfitini, na tuna kufitinisha. Hiyo Mithali inazungumzia mtu anayepanda mbegu, kwa hiyo watafsiri walipatia kabisa. Ila mioyo inaweza kuachana bila mfitini yeyote. Mume na mke wanaweza kufika hapo taratibu, kimya kimya, bila jirani kutia neno.

Mfarakano na mtafaruku ni ndugu, mzizi wao Kiarabu ni f-r-q, kutenganisha. Hapo unapata ile "dis" tu, bila moyo. Hitilafu ni kutofautiana. Wanazuoni wanahitilafiana na bado wanakula sinia moja. Siku hizi imehamia kwenye mashine, tunasikia hitilafu ya umeme kila wiki.

Ukitaka la Kibantu kabisa, angalia kinyume chake: kupatana. Ni kupata, halafu "-ana". Mimi nakupata, wewe unanipata. Sokoni muuzaji anakwambia "tupatane", na mnaanza kusogezana bei mpaka mnakutana. Hakuna moyo wala kamba, kuna watu wawili wanatafutana. Mimi kwa "discord" ya maisha ningesema tu "kutopatana", au "wameachana mioyo" pale unapotaka uzito.

#4

Mwalimu usijilaumu sana kuhusu kamba. Mimi ni mpiga gitaa na hilo kosa Waingereza wenyewe walilifanya kabla yako, tena kwenye tahajia.

Kamba kweli ipo. Wagiriki waliita utumbo "khorde", na nyuzi za ala za muziki zilitengenezwa kwa utumbo wa kondoo. Kilatini "chorda", Kifaransa "corde", Kiingereza "cord". Huo ni ukoo mwingine kabisa, hauhusiani na moyo.

Sasa ile "chord" ya wanamuziki, noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, mwanzoni iliandikwa "cord" bila H, na ilikuwa kifupi cha "accord". Yaani ni moyo! Noti zimesogezeana mioyo. Halafu watu wakaanza kufikiri kama wewe: muziki, nyuzi, basi hii lazima iwe ile "chorda". Wakaichomeka H. Mpaka leo neno la moyo linatembea na kanzu ya utumbo wa kondoo.

Kodiani ("accordion") nayo ni ya ukoo wa moyo. Cyrill Demian alipoisajili ala yake kule Vienna mwaka 1829, jina lake lilitokana na "Akkord" ya Kijerumani, kwa sababu kidole kimoja kilikuwa kinabonyeza "chord" nzima.

Na Waitaliano wana neno linalonifurahisha kuliko yote: "scordare". Lina maana mbili: kusahau, na kulegeza uzi mpaka ala itoke kwenye sauti yake. Kusahau ni kinyume cha "ricordare", jambo limetoka moyoni. Lile la ala ni kinyume cha "accordare". Ukiokota gitaa lililokaa darini mwaka mzima, maana zote mbili zinakuhusu.

#5 – Mleta uzi

Mkuu #4, hiyo ya H nimeisoma mara tatu. Nimeinakili kwenye daftari langu la maandalio. Asante sana.

Na mzee wangu #3, "kutopatana" naichukua kwa maisha. Bado natafuta ya muziki.

#6

Wakati mnaendelea na moyo, niweke hadithi moja ya kweli kuhusu jinsi neno la mapatano lilivyoleta ugomvi.

Uingereza na Ufaransa zilitia saini mkataba wa kuunda ndege ya abiria iendayo kasi kuliko sauti tarehe 29 Novemba 1962. Jina lililochaguliwa ni "Concorde", mioyo pamoja. Hapohapo wakaanza kuvutana juu ya herufi ya mwisho. Wafaransa wanaandika na E, Waingereza bila E. Waziri Mkuu Harold Macmillan aliiondoa E baada ya kuona Rais de Gaulle wa Ufaransa amemdharau. Ikabaki hivyo hadi Desemba 1967, ndege ilipotolewa hadharani Toulouse, waziri Tony Benn akatangaza kuwa upande wa Uingereza nao utaandika kwa E. Nyumbani akalaumiwa. Akajibu kwamba E ni ya Excellence, ya England, ya Europe, na ya Entente Cordiale, yale mapatano ya kirafiki kati ya Uingereza na Ufaransa. Kwa masimulizi yake mwenyewe, mtu mmoja wa Scotland akamwandikia kulalamika kwamba sehemu za ndege zinatengenezwa kwao, mbona England peke yake? Benn akamjibu kuwa E ni ya Écosse pia, yaani Scotland kwa Kifaransa.

Ndege ikaruka mara ya kwanza 1969, ikaacha kazi 2003. Ukiangalia hata hiyo "Cordiale" aliyojitetea nayo, ni moyo tena.

#7

Msiisahau Discordia mwenyewe. Kwa Warumi alikuwa mungu wa kike, na kwa Wagiriki jina lake ni Eris. Kisa chake maarufu ni cha harusi ya Peleus na Thetis. Hakualikwa. Akaja akarusha tufaha la dhahabu lililoandikwa kuwa ni la aliye mzuri kuliko wote, wakaligombania Hera, Athena na Aphrodite. Paris, mwana wa mfalme wa Troya, akaamua, na mwisho wake ni Vita vya Troya. Hadi leo Kiingereza wanasema "apple of discord" kwa kitu kinachogombanisha watu. Mtu wa pwani akisikiliza kisa hiki anasema wazi: huyo ni mfitini. Hapo fitina inakaa sawasawa.

Halafu kuna kilichotokea juzi tu. Januari 2005 Mike Brown, Chad Trujillo na David Rabinowitz waligundua dunia ndogo mbali kupita Pluto, yenye ukubwa unaokaribiana nayo. Wanaastronomia wakagawanyika: hii ni sayari ya kumi, au Pluto nayo si sayari? Wakapiga kura Prague tarehe 24 Agosti 2006, Pluto ikaondolewa kwenye orodha. Mwezi uliofuata ile dunia mpya ikapewa jina rasmi: Eris. Kamwezi kake kanaitwa Dysnomia, uvunjaji wa sheria, ambaye kwa Wagiriki ni binti wa Eris.

#8

Nimekulia Kigoma, na neno "accord" kwangu halikuja kwa kamusi. Lilikuja kwa redio. Tarehe 4 Agosti 1993 serikali ya Rwanda na waasi wa RPF walitia saini makubaliano pale Arusha, na Kiingereza kikayaita "Arusha Accords". Aprili 1994 yakaanza mauaji ya kimbari. Leo ndiyo mara ya kwanza nasoma kwamba "accord" ni kusogeza moyo karibu na moyo. Sahihi zilikuwapo kwenye karatasi. Nashindwa kuendelea kuandika, ila asante mwalimu kwa uzi huu.

#9

Pole sana ndugu #8.

Naomba nitofautiane kidogo na mleta uzi, kwa heshima. Asili ya neno siyo maana yake. Mwingereza wa leo akisema "discord" hafikirii moyo hata chembe, kama ambavyo sisi tukisema fitina hatufikirii dhahabu kwenye tanuru. Neno linamaanisha kile ambacho watu wanalitumia kumaanisha. Ukiwaambia wanafunzi kwamba maana ya kweli ya "discord" ni moyo, utakuwa umetoka kosa moja ukaingia jingine. Na hata huo moyo si lazima uwe wa kila lugha. Sisi wenyewe tuna roho mbaya, na tuna maneno yanayokata maini. Uchungu wetu una viungo vingi.

#10 – Mleta uzi

Mkuu #9, nakubaliana nawe nusu. Ni kweli, nikiwaambia hiyo ndiyo maana yake ya leo nitakosea tena. Nitasema: lilianzia hapa, na leo linatumika hivi. Lakini nusu nyingine sikubali. Mwanafunzi akijua kuna moyo ndani, "record", "accord", "courage" na "cordial" anayashika kwa mkupuo mmoja. Kwa ile kamba niliyomfungia hakushika kitu. Swali lake ndilo lililonionyesha.

#11

Mwalimu, mimi nimeongoza kwaya miaka mingi, acha nikusaidie kwenye muziki. Usitafute neno moja, kwa sababu tunachanganya vitu viwili.

Cha kwanza ni sauti isiyokaa. Chukua kinanda kinachotoa mitetemo 440 kwa sekunde na mwimbaji anayetoa 444. Zikikutana utasikia mawimbi yanapiga mara nne kila sekunde, wau-wau-wau-wau. Hapo mtu ametoka kwenye noti. Kwetu tunasema tu "sauti hazijakaa", na kila mwimbaji anaelewa.

Cha pili ni mgongano uliokusudiwa na mtunzi. Fanya hivi Alhamisi. Mwambie sauti ya tatu ashike fa, sauti ya kwanza ashike ti iliyo juu yake. Wazishikilie. Watakunja nyuso, maana hizo mbili zinasukumana. Wote wawili wamo kwenye noti, hakuna aliyekosea. Sasa wape ishara: fa ashuke mi, ti apande do. Utaona mabega yote yanashuka. Bila ile fa na ti, hiyo mi na do isingekuwa na utamu wowote. Hii naiita "sauti zinagombana", na wenye kwaya yangu wanajua kwamba ugomvi huo una mahali pa kwenda. Wagombanao ndio wapatanao.

Kiingereza kinaita vyote viwili "discord". Kiswahili chako kivitenganishe.

#12 – Mleta uzi

Nimerudi, wakuu. Samahani kwa ukimya.

Alhamisi nilifanya kama alivyosema #11. Fa na ti wakashikilia mpaka mama mmoja wa sauti ya pili akaziba masikio. Nikatoa ishara, wakaachia, na ukumbi mzima ukasema "aaah" bila kuambiwa. Nimeandika kwenye maelezo yangu: "sauti hazijakaa" kwa kosa; "sauti zinagombana" kwa mgongano wa mtunzi; "kutopatana" kwa watu; "fitina" pale tu penye mfitini.

Ijumaa nikaingia kidato cha tatu. Nikawaambia wazi kwamba niliyowafundisha kuhusu kamba hayakuwa sahihi, nikaandika "cor" ubaoni, nikamjibu binti swali lake la "record". Akakaa akawaza, akanyoosha mkono tena: "Basi mwalimu, na 'coward' ni mtu aliyepoteza moyo?"

Safari hii sikujibu palepale. Tulifungua kamusi pamoja, darasa zima likisubiri. "Coward" imetokana na Kifaransa cha kale "coart", kutoka "coe", kutoka Kilatini "cauda". Mkia. Mwoga ni anayeonyesha mkia akikimbia, au anayeuficha katikati ya miguu kama mbwa.

Kijana mmoja wa kwaya yangu, anakaa nyuma kabisa, akauliza kama hiyo "cauda" ndiyo ile "coda" tunayoikuta mwishoni mwa karatasi za nyimbo. Ndiyo yenyewe. Amekuwa akiimba mkia wa wimbo kila Jumapili.